Haloo Atafuta Mashine ya Upepo

Mtaa mzima ulimwita Haloo, na hata siku moja hakununa kwa jina hilo. Alikuwa amelipata kwa jasho. Utu uzima wake wote aliumalizia mbele ya ubao wa simu katika jengo refu la ofisi, visikilizio vimembana kichwa, akiunganisha watu waliotaka kusemezana na watu waliojifanya hawapo. Alipostaafu, mdomo ulikataa kustaafu pamoja naye. Ukipiga hodi kwake, badala ya kusikia "karibu" ulisikia "haloo!" kisha kicheko chake mwenyewe, na karibu yenyewe ikaja nyuma ikikimbia.

Mwanzoni kustaafu kulimkalia vibaya. Watoto walishajitegemea, kila mmoja na nyumba yake na kelele zake. Mumewe, dereva wa malori aliyetangulia kustaafu, alikuwa ameshajifunza ule uvivu wenye heshima: kiti barazani, redio ubavuni, kofia juu ya macho. Haloo hakuuweza. Masikio yaliyozoea sauti za watu kutwa nzima yaliuona ukimya wa nyumba kama mgeni asiyeaga. Akafagia ua asubuhi, akaufagia tena mchana, mpaka mumewe akainua kofia akasema, "Mama, ua umebaki mifupa mitupu. Uache nao unenepe."

Siku hiyo akaachana na ufagio, na alipokwenda kuuegesha nyuma ya bafu akakiona kigoda cha zamani kilichovunjika mguu. Akakigundisha, akakipiga msasa, akakipaka rangi ya samawati. Kilipokauka alikizunguka kama mtu anayekagua mchumba. Mchovya asali hachovyi mara moja: baada ya kigoda kikafuata kiti, baada ya kiti meza, baada ya meza fremu za picha, na haikuchukua muda majirani wakawa wanapita na vitu vyao vilivyochoka. "Haloo, nitazamie hiki." Naye anakitazamia.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera: alama za brashi. Apake kwa utulivu gani, rangi ikikauka ilibaki na mistari kama paji la uso la mtu anayesubiri basi lisilokuja. Wengine hawakuiona. Yeye aliiona hata akiwa jikoni.

Sasa, barazani palikuwa na kabati. Kabati la vyombo la marehemu mama mkwe wake, la mbao nzito, milango minne, vishikio vya shaba, limefunikwa nailoni tangu msiba. Mumewe alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kusema. Alipokuwa mtoto alikuwa akijificha kwenye rafu yake ya chini akikwepa kuogeshwa. Haloo alikuwa amelipiga msasa lote, taratibu, kona kwa kona, na sasa lilisimama likiwa uchi likisubiri nguo.

"Hili silitii brashi," alisema.

"Kwa hiyo utalipaka na nini, ulimi?" mumewe akauliza.

"Upepo."

Aliuona upepo huo kwenye gereji ya mdogo wake wa kiume. Mashine, ambayo mafundi huiita kompresa, hunyonya hewa na kuisindilia kwenye tangi la chuma. Ukishika bunduki ya rangi na kubonyeza kifyatuo, hewa hiyo hutoka na rangi ikiwa laini kama ukungu, nayo ikitua haiachi mstari hata mmoja. Akamwomba mdogo wake amwazime. Mdogo wake, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi, akacheka. "Dada, chukua. Ile si mashine, ile ni baba yao."

Baba yao akaletwa kwa mkokoteni, wanaume wawili wakiusukuma huku wanahema. Alikuwa na tumbo kama la ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Mumewe Haloo, ambaye maisha yake yote alipima ubora wa kitu kwa idadi ya matairi, aliinuka kitini kwa mara ya kwanza tangu chai, akaizunguka mashine akiipigapiga mgongoni. "Kitu kikubwa ndiyo kitu," alisema kwa mahaba.

Haloo akachomeka waya, akabonyeza swichi.

Sauti iliyotoka hakuna aliyeitarajia. Gerejini, katikati ya nyundo na injini, mashine ile ilikuwa mmoja tu wa walaji kwenye karamu. Hapa uani, kati ya kuta mbili zinazotazamana, ilinguruma mpaka vikombe vikagongana jikoni, nguo zikacheza kwenye kamba, na kofia ya mzee ikaanguka yenyewe. Haloo aliziba masikio. Kabla hajakumbuka swichi ilikuwa upande gani, taa ya barazani ikafifia, ikawaka, ikafifia tena, kisha pakasikika "pah!" kutoka juu ya nguzo. Kimya. Fyuzi imekwenda. Na kwa kuwa nyumba yao na ya jirani zilitumia waya mmoja toka nguzoni, feni ya jirani nayo ikasimama.

Jirani huyo alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mwanamke wa makamo, mtaani wakimwita Sista. Dirisha la chumba chake cha kulala lilitazamana moja kwa moja na ua wa Haloo. Akatokea mlangoni amejitanda shuka, jicho moja limefunguka, la pili bado liko ndotoni.

"Shikamoo, mama," alisema. Adabu haikumtoka hata katika hali ile.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ndiyo kwanza nilikuwa nimefumba macho. Naomba kuuliza tu: hiyo ni mashine, au kuna ndege imetua?"

Mzee akajitia kuokota kofia. Haloo akaanza kujieleza, kabati, mama mkwe, mistari ya brashi, lakini Sista alishageuka akarudi ndani, na mlango ukafungwa kwa upole. Ule upole ndio uliouma. Mlango ukibamizwa unajua pa kuanzia kuomba radhi.

Siku zilizofuata Sista alimsalimu kama kawaida, ila hakusimama. Zamani alisimama, alikuwa akitoka kazini anapitia ukutani, anasimulia vituko vya wodini, Haloo anasimulia vya kwenye simu, wanacheka mpaka usingizi unamdai. Sasa ilikuwa shikamoo na hatua. Haloo alivumilia, akavumilia, na jioni moja akajaza chupa ya chai akaenda kupiga hodi, kabla Sista hajaondoka kwenda kazini.

"Nimekuja kupewa maneno yangu," alisema. "Nipe yote, nisibakishiwe."

Sista akacheka bila kupenda, akamvutia kiti. "Mama, sikununa kwa ajili ya kelele. Kelele za siku moja ni nini? Nilijinunia mwenyewe. Usiku ule nilikwenda kazini sijalala. Nikajikuta nimesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, nina sindano mkononi, na sikumbuki nimefuata nini pale. Mwenzangu ndiye aliyenishika mkono. Hakuna lililoharibika. Lakini tangu hapo nikiona ile mashine yako uani, naiona na ile sindano."

Haloo hakunywa chai yake. Mtu aliyefanya kazi ya sauti anajua sauti inaweza kufika wapi. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba muungurumo wa uani kwake unaweza kutembea mpaka kwenye mkono wa mgonjwa asiyemjua.

"Kesho inaondoka," alisema.

"Na kabati?"

"Kabati lina miaka mingi kuliko sisi. Litangoja."

Baba yao akarudishwa kwa mkokoteni uleule. Mdogo wake alipoambiwa kwamba dada yake sasa atanunua ndogo ya kwake, akashangaa. "Dada, unataka ndogo? Zile ndogo ni za kupulizia mapambo ya keki. Tangi lenyewe kama sufuria. Utapiga pu, pu, hewa imekwisha."

"Nitangoja ijae."

"Fundi hangoji hewa. Hewa ndiyo inamngoja fundi."

"Ndiyo maana mimi si fundi," Haloo akajibu. "Mimi ni mstaafu. Nilicho nacho kwa wingi ni kungoja."

Mumewe naye alikuwa upande wa shemeji yake, ila kwa unyonge, maana kofia yake ilikuwa bado na vumbi la siku ile. Alijaribu tu kusema kwamba kama wananunua, basi wanunue kitu chenye magurudumu makubwa. Haloo akamwambia mashine haiendi kubeba shehena.

Kwa siku kadhaa alizunguka maduka ya vifaa akitazama tu. Alijifunza kwamba karatasi zilizobandikwa kwenye mashine husema kila kitu isipokuwa kile unachotaka kujua. Zilisema nguvu, zilisema lita, zilisema uzito, na zote zilisema "kimya". Alikuwa ameunganisha simu za watu wengi mno waliosema "sipo" wakiwa wapo. Hakuwa mtu wa kuamini neno kwa kulisoma. Sikio ndilo lingeamua. Lakini sikio lake mwenyewe lilikuwa limechakazwa na visikilizio, na zaidi ya hapo, si yeye atakayelala. Akaenda ukutani.

"Sista, nina ombi la ajabu."

"Mama, nimekaa wodini miaka mingi. La ajabu kwangu ni lipi?"

"Twende ukanichagulie mashine."

Wakati pekee uliofaa ulikuwa asubuhi, Sista akitoka zamu. Kwa hiyo asubuhi moja mwuzaji wa duka la vifaa, kijana mstaarabu aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni, alipofungua mlango aliwakuta watatu wakimsubiri: mwanamke mwenye furaha, mzee mwenye kofia, na muuguzi mwenye sare anayeegemea ukuta. Haloo akamweleza shida yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na kijana akasikiliza bila kukata neno, jambo lililompandisha daraja papo hapo.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Kujaza matairi au kupulizia vumbi, yoyote itafaa. Rangi ndiyo inakula hewa. Ukichukua ndogo, chukua na bunduki ndogo isiyo na pupa, na upake kipande kwa kipande. Mlango mmoja, pumzika, mashine ijaze, mlango wa pili. Ukitaka kupaka kabati zima kwa pumzi moja, hiyo ni kazi ya gereji."

"Kipande kwa kipande nimekubali. Sasa naomba uziwashe."

"Niziwashe zipi?"

"Zote zinazoingia nyumbani kwangu. Na huyu binti yangu umpe kiti kule stoo, nyuma ya ule ukuta wa mbao. Dirisha lake na ua wangu vina umbali kama huo."

Kijana alimtazama, akamtazama Sista, akamtazama mzee, aliyekuwa anasoma bei za misumari kwa umakini usio wa kawaida. Kisha akaenda kutafuta kiti.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri, nyepesi kubeba. Kijana alipoiwasha ilipiga kelele kali, nyembamba, kama mbu aliyepewa kipaza sauti. Toka stoo sauti ya Sista ikaja papo hapo: "Hapana, mama! Hapana!"

Ya pili ilikuwa nzito, mota yake inalainishwa kwa mafuta, ina tangi la kutosha, na mumewe aliipenda kwa macho. Iligonga kwa mdundo: du-du-du-du. Haloo aliona afadhali. Wakangoja. "Sista?" akaita. "Hii inavumilika," Sista akajibu baada ya kufikiri, "ila inakuja kwenye meno."

Ya tatu ilikuwa imekaa chini, kona, haina rangi ya kuvutia, kijivu kama punda. Tangi lake lilikuwa la ukubwa wa ndoo ya maji, na juu yake kulikuwa na mota mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kijana alisema wateja wengi huipita kwa sababu ya umbo. Akaiwasha. Ilivuma, kwa sauti ya chini, kama jokofu kuukuu kwenye chumba cha pili. Haloo aliongea na mumewe bila kuinua sauti na mumewe akamsikia, jambo ambalo hata redio haikuwahi kuliruhusu. Sindano ya geji, kile kipimo cha hewa, ikapanda taratibu, ikafika, mashine ikanyamaza yenyewe. Haloo akaomba kujaribu; kijana akatia maji kwenye bunduki, akasimamisha boksi tupu, na Haloo akapuliza. Ukungu ukatua kwenye boksi sawasawa, bila mstari. Hewa ikapungua, mashine ikavuma tena, ikajaa tena. Haba na haba, kama alivyoambiwa.

"Sista!" akaita. "Hii je?"

Kimya.

"Sista?"

Wakaingia stoo wote watatu. Sista alikuwa ameketi kati ya makopo ya rangi, mkoba magotini, kichwa kimelalia gunia la saruji, mdomo wazi kidogo. Amelala fofofo.

"Nimwamshe?" kijana akanong'ona.

"Thubutu," Haloo akanong'ona. "Nifungie hiyo ya kijivu."

Mzee, kwa kutaka haki itendeke, akavuta mkono wa mkewe. "Lakini mama, huyu ametoka kazini. Amechoka. Angelala hata ndani ya ngoma."

"Na ile ya kwanza mbona alipiga kelele? Na ya pili mbona ilimwingia kwenye meno?"

Mzee akavua kofia yake na kumkinga nayo Sista jua lililokuwa likipenya dirishani. Wakamwacha alale. Wateja walioingia asubuhi ile waliombwa wazungumze polepole, na mmoja aliyekuja kununua nyundo aliondoka nayo bila kuijaribu. Sista alipoamka, aliona aibu mpaka akataka kununua chochote. Kijana akamwambia ameshafanya biashara ya siku nzima.

Kabati halikupakwa siku moja. Siku ya kwanza Haloo aliharibu: alikaa sana sehemu moja na rangi ikatiririka kama machozi ya mtoto aliyenyimwa, akaifuta, akapiga msasa upya. Siku ya pili bunduki ilitema matone, na ndipo alipokumbuka maneno ya kijana, kwamba hewa ikisindiliwa hutoa maji na maji hukaa chini ya tangi. Mumewe akajitwalia kazi hiyo. Kila jioni aliinama, akalegeza kizibo kilicho tumboni mwa mashine, maji yakatoka na pumzi ya "fsss", naye akatikisa kichwa kwa kuridhika kama aliyehudumia injini ya lori. Siku ya tatu mkono wa Haloo ulikuwa umejua mwendo: pita, usisimame, rudi. Mlango wa kwanza ukatoka kijani cha jani changa, laini kama maji ya mtungi. Akakaa chini kusubiri mashine ijaze, na akagundua kwamba kusubiri kwenyewe kulikuwa kutamu. Alikunywa chai. Alitazama rangi ikipoteza ung'aavu wake wa kwanza na kutulia. Nyuma ya dirisha la jirani, pazia likiwa limefungwa, Sista alikuwa anakoroma.

Mdogo wake alikuja kuona. Alipitisha kiganja kwenye mlango, akapitisha tena, akainama kutazama dhidi ya mwanga akitafuta kosa. Alilipata moja, pembeni, akalionyesha kwa furaha. "Kwa kazi za ndani, sawa," alisema hatimaye. "Gari huwezi."

"Nani alikuambia nina gari?" Haloo akasema, akammiminia chai.

Lililobaki likawa kuliingiza kabati ndani. Hapo ndipo walipogundua kwamba likiwa na rangi mpya halipiti mlangoni bila kukwaruzwa. Walilijaribu kwa ubavu, walilijaribu kwa mgongo, mdogo wake akitoa amri na mzee akitoa amri kinyume, kama magari mawili kwenye daraja la gari moja. Sista, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, alisimama kando na bisibisi aliyoiokota mezani. "Samahani wazee wangu," alisema. "Kwa nini tusiondoe mlango?"

Wakauondoa. Kabati likaingia likiwa na nafasi ya kidole kila upande, likasimamishwa ukutani, vyombo vikapangwa, na mzee akachuchumaa akafungua mlango wa chini, akachungulia rafu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mlango wa nyumba ulikuwa bado umelala uani. Mzee alipotoka kuubeba aurudishe, alimkuta mkewe ameshaulaza juu ya vigoda viwili, msasa mkononi, na Sista upande wa pili anafungua bawaba.

"Na tutalalaje?" akauliza.

"Nimetundika pazia," Haloo akasema. "Ukiwa umesimama, hebu washa mashine."

Akaiwasha. Ikaanza kuvuma kwa sauti yake ya chini, na jirani wa upande wa pili akachungulia ukutani kuuliza kama kweli Haloo anapaka na milango, maana wa kwake nao umechoka.